Aliyetangulia Kutoka Bombani

Ngusa alitoka kwenye chemba akiwa hanuki.

Eufrasia, msimamizi wa kazi, aliliona hilo kabla ya wengine, na lilimkaa vibaya. Bomba kuu la majitaka lilikuwa chini ya mji wa Bariadi tangu yeye hajazaliwa. Lilikuwa pana kiasi cha mtu kutembea ndani yake ameinama, na kuta zake zilikuwa zimelika mpaka nondo zikawa nje. Kila aliyeingia humo alitoka na harufu iliyoishinda sabuni. Ngusa alikuwa ameshinda humo tangu asubuhi akikata mizizi. Sasa alipita karibu yake kwenda kukaa kwenye kivuli cha lori, na hakuacha nyuma hata harufu ya jasho.

"Mwanaume, umejipulizia nini huko chini?" Januarius akamtania. "Au una mke mdogo humo anakuogesha?"

Wengine wakacheka. Siku zote Ngusa alikuwa na jibu la kumziba mtu mdomo. Leo alivaa tu viatu vyake, katambuga za matairi, akalitazama jua moja kwa moja, bila kupepesa macho.

Eufrasia akageukia mdomo wa chemba. Kwao ilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayeingia huacha viatu vyake pale juu na kuvaa mabuti ya mpira, na bomba halizibwi mpaka viatu vyote viwe vimechukuliwa. Hapakuwa na kiatu hata kimoja.

"Haya," alisema. "Soksi iingie."

Soksi ndilo jina walilolipa bomba jipya, kitambaa kirefu kilicholoweshwa gundi. Husukumwa kwa upepo ndani ya bomba kuukuu, likavimba na kuung'ang'ania ukuta, kisha hupikwa kwa mvuke mpaka liwe gumu kama jiwe. Likishapoa halitoki tena. Gundi ilikuwa imeshachanganywa, haingengoja. Na soksi ilikuwa hiyo moja tu. Nyingine ingeagizwa mbali, ikafika baada ya mvua, na watu wa bondeni wangepitisha msimu mwingine na kinyesi milangoni.

Soksi ilipokwisha kuvimba, Januarius akashika koki ya mvuke. Hapo wakasikia kitu kikigonga chini ya ardhi, polepole, kama mtu anayegonga kwa kiganja.

"Dada Eufrasia. Dada. Mmenifungia."

Ilikuwa sauti ya Ngusa.

Januarius akauondoa mkono kwenye koki kana kwamba imemuunguza, na wote wakageuka kutazama kivuli cha lori, ambako Ngusa alikuwa ameketi mikono juu ya magoti, midomo imefumbwa, huku sauti yake ikiendelea kupanda kutoka chini ya miguu yao, ikiomba, ikikohoa, ikimwita mama yake kama mtoto aliyeamka gizani, na yule wa kivulini akiisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kwa utulivu wa mtu anayesikiliza kama wimbo umeimbwa sawasawa.

"Ngusa," Eufrasia aliita kwa sauti ndogo, na mwenyewe hakujua anamwita yupi.

"Ni mwangwi," alijibu wa kivulini. "Fungulia mvuke, dada. Gundi inaharibika."

Kuhusu gundi alisema kweli.

Januarius akamsogelea Eufrasia mpaka mabega yakagusana. "Dada, hilo ni jini. Linaiga mtu ili tulifungulie."

"Lipi?"

"Lipi vipi?"

"Lipi ndilo jini, Janu?"

Eufrasia alisimama pale akiwaza mitaa ya bondeni, akiwaza na mvuke, ambao humwivisha mtu kabla hajamaliza kupiga kelele. Hakuweza kujua nani ni nani. Kisha akaona kwamba hakuhitaji kujua.

"Aliye nje hadhuriki tukikata," alisema. "Lete kisu."

Wakatoa upepo, Eufrasia akashuka na Januarius, Januarius akinong'ona Salamu Maria na kuikosea, na kwa mwanga wa tochi wakaipasua soksi pale sauti ilipotokea, kwenye mdomo wa tawi la zamani lisilotumika. Na kutoka kwenye mpasuko ule ukatoka mkono, ukifuatwa na uvundo uliowafanya wageuze nyuso, halafu Ngusa mzima, mweusi kwa tope, akimkumbatia Januarius asitake kumwachia.

"Kuna mzee alinisalimia kutoka humo," alisema alipoweza kusema. "*Mwadila*, akaniambia. Nikaitika, nikaingia kumfuata. Akaniuliza, *ng'wa nani?* Ningenyamaza vipi, dada? Mtu mzima anakuuliza wewe ni wa nani! Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikamwelekeza na kwetu Sapiwi, nyumba ya mwisho ukishapita josho la ng'ombe. Kila nilichosema alikirudia. Mwanzoni kwa sauti yake. Mwishoni kwa sauti yangu."

Hakuna aliyemlaumu. Wote walilelewa hivyo; mtoto asiyemjibu mkubwa swali hilo huonekana hana kwao.

Walipopanda juu, kivulini hapakuwa na mtu. Nyayo za katambuga zilikwenda hatua chache kuelekea barabara ya Sapiwi, kisha zikakoma katikati ya vumbi tupu.

Ngusa akaomba simu. Vidole vyake viliteleza, ikabidi Eufrasia ampigie na kuiweka kwenye spika. Mama yake, Wilhelmina, aliishi peke yake na ng'ombe wake wachache. Aliitikia kwa uchangamfu, na nyuma yake mtu alikuwa anakunywa kitu kwa mafunda marefu.

"Mayu, ni mimi, Ngusa. Ingia ndani ufunge mlango. Mtu yeyote akija..."

"Wewe ni nani?"

"Ngusa, mayu. Mwanao."

Mafunda yalikoma. Mama aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole na hofu, sauti ya kumfukuza mgeni bila kumkasirisha.

"Ngusa ninaye hapa, namnywesha maziwa. Ameniambia utapiga." Akavuta pumzi. "Mlango tumeshaufunga, yeye na mimi."