Msumari wa Mkiani

Giza lilikuwa linaingia mtaani Lizaboni wakati Hironimus aliporudi kibandani kwake kumalizia sufuria ya harusi ya watu. Mkewe Domina alikuwa amemtania alipotoka nyumbani: "Baba Careen, ukichelewa nakula peke yangu."

Hironimus alikuwa mfua sufuria. Aliyeyusha alumini chakavu, akaimimina kwenye kalibu za mchanga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa kila upande, hata wanunuzi wa tumbaku wakaanza kuja na vindege vyao. Kimoja kilianguka kwenye mashamba ya mahindi njia ya Madaba, kikaua rubani na abiria wake wote. Mji mzima ukasema rubani alikuwa amelewa ulanzi. Polisi nao wakatangaza kwamba atakayeokota hata kipande cha ndege hiyo atafungwa. Watu wetu hawa! Vipande viliingia mjini ndani ya magunia ya mahindi, na gunia moja likamfikia Hironimus.

Kabla ya kuyeyusha aling'oa kila kipande cha chuma, maana chuma huharibu sufuria. Kwenye fito moja iliyotoka mkiani mwa ndege alikuta msumari wa kupigilia mbao umepindwa mahali pa bolti. Ulikuwa umekatika katikati. Alicheka peke yake: ndege imepigwa msumari kama kitanda! Msumari akautupa, fito akaiyeyusha. Sufuria iliyotoka hapo ilikuwa nzuri mno, hakuiuza. Alimpelekea Domina.

Sasa alikuwa anavuta mvukuto, moto unanguruma.

Kisha akasikia harufu ya mafuta. Kali kuliko ya taa...

"Hodi, fundi."

Mtu alisimama mlangoni. Shati jeupe, mabegani mistari ya dhahabu. Shingo yake ilikuwa imepinda vibaya, na kitu cheusi kilichuruzika kutoka sikioni, taratibu, mpaka kwenye kola.

"Karibu," Hironimus alisema kwa mazoea tu, na hapohapo akajuta.

"Natafuta fito yangu ya mkiani," mgeni alinong'ona. "Ilikuwa na msumari."

Hironimus aliendelea kuvuta mvukuto.

"Mama yangu ananyooshewa vidole sokoni. Wanamwita mama wa mlevi. Sikunywa, fundi. Nilivuta usukani... haukuitika. Wewe uliuona msumari. Njoo ukamwambie mama."

Neno moja tu lingetosha. Hironimus alilijua, na lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini aliwaza pingu, akawaza Domina akimpelekea chakula mahabusu, na uoga ukamzidi nguvu.

"Sijaona msumari wowote," alisema. "Hata hiyo ndege siijui."

Mgeni hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Hironimus. Yule mgeni alisogea kwenye tanuri. Akakunja mkono wa shati vizuri, kama mtu anayetaka kunawa.

Akautumbukiza mkono ndani ya alumini iliyoyeyuka.

Chaaaa!

Nyama ilichemka. Harufu ya nywele na mafuta yanayoungua ikajaa kibandani. Alipapasa chini, huku na huku, bila hata kuguna. Alipoutoa mkono, ilikuwa mifupa mitupu iliyopakwa alumini, bado inadondosha moto.

"Haimo humu."

Hironimus alinyanyua koleo, akampiga usoni kwa nguvu zake zote. Taya liling'oka upande mmoja, likaning'inia. Mgeni hakuyumba. Alimshika Hironimus mkono, na vile vidole vikazama kwenye nyama mpaka vikagusa mfupa. Fundi alipiga yowe akaanguka chini.

"Basi," sauti ilitoka kooni, juu yake. "Nitamuuliza mwenye sufuria."

Hironimus alipoinua macho, mgeni hakuwepo tena.

Domina!

Alikimbia. Mkono ulikuwa unavuja damu, ngozi imechanika vipande. Majirani walimwita, hakuwasikia. "Nitasema!" alipiga kelele njia nzima. "Niliuona! Niliuona msumari! Nitasema!"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Domina alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, amempa mgongo. Maji ya ugali yalikuwa yanatokota ndani ya ile sufuria nzuri.

"Mama Careen..."

"Mgeni wako amepita," alisema kwa upole. "Ana shida, maskini. Nikamwambia nitamsaidia."

Hironimus akasogea, akachungulia juu ya bega lake. Mikono yote miwili ya Domina ilikuwa ndani ya maji yale, mpaka kwenye viwiko, na ngozi yake ilikuwa imeanza kuelea juu, nyeupe na nyembamba.

"Natafuta, Baba Careen," alisema, akiendelea kupapasa. "Ila sioni kitu. Hebu ongeza kuni."