Shavu Juani

Kila Jumanne mama yake Mektrida alikwenda kuuza ndizi sokoni Kwa Sadala. Mektrida, mwenye miaka kumi na miwili, aliteremka peke yake kwenda hospitali mjini Moshi. Alikuwa ameungua shavu alipomwagikiwa na ndizi za kutengenezea mbege, pombe ya kienyeji, zilizokuwa zikichemka. Madaktari walichukua ngozi ya pajani wakaipandikiza shavuni, na sasa nesi Dominika alimmulika kwa taa nyekundu ili apone vizuri.

Siku moja, ndani ya gari la abiria la kwenda mjini, mtoto mdogo alimnyooshea kidole. "Mama, huyu dada uso umefanyaje?" Mama yake akamziba mtoto macho. Jamani, kumziba macho! Kitendo kile kilimuuma Mektrida kuliko hata kule kuungua.

Jumanne iliyofuata hakwenda. Alikaa nyuma ya nyumba, kando ya vichanja vya kahawa, akaligeuzia jua shavu lake. Mwanga si mwanga? Jua linalokausha kahawa yote ile lingeshindwa na shavu moja?

"Umemulikwa, mwanangu?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

Alidanganya hivyo Jumanne tatu, mpaka ngozi ikawa nyeusi, ikatoka malengelenge. Mama alipoyaona alipandwa na hasira.

"Nesi huyo amekuunguza! Leo atanitambua!"

Walipofika hospitali, mama hata salamu hakutoa. Alifoka mbele ya wagonjwa wote, na Dominika akabaki ameduwaa, machozi yakimlengalenga. Mektrida hakuweza kuvumilia.

"Mama, mwache. Ni mimi. Sikuja. Nilikaa juani kando ya kahawa yetu, naona aibu watu wakiniangalia."

Mama akaketi, akalia. "Nisamehe, nesi. Kumbe mwanangu alibeba hayo peke yake, nami niko sokoni!"

Dominika alimshika Mektrida bega. "Jua la saa saba likiwa kali, kahawa mnaifanyaje?"

"Tunaifunika."

"Basi shavu lako ni changa kuliko kahawa. Taa hii tunaipima, jua halipimwi. Tutaanza upya, lakini sikufichi, alama itabaki."

Mektrida alilia sana.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema taratibu. "Ungeniambia ukweli, tungeteremka sote."

Jumanne iliyofuata ndizi hazikwenda sokoni. Mama alikaa garini na Mektrida, na abiria mmoja alipowakodolea macho, mama alimwambia kwa upole, "Ni mwanangu. Anapona."