Jina Nyuma ya Moyo wa Zambarau

Shemeji yangu Verlin Hostetter hakuwahi kuwa mwanajeshi. Jeshi lilimkataa akiwa kijana kwa sababu ya sikio lake la kushoto, ambalo lilikuwa pambo tu. Vijana wenzake wa mji wetu huku Pennsylvania walikwenda vitani, wengine wakarudi, wengine wakaletwa. Yeye akabaki kuuza matairi. Nadhani ugonjwa wa kukusanya medali za vita ulimwanzia hapo, na mchovya asali hachovyi mara moja.

Mkewe, Doreen, ni dada yangu wa tumbo moja. Nyumba yao na yangu zinatazamana, kwa hiyo ninayosimulia sikuambiwa na mtu.

Kila Jumamosi Verlin alikuwa kwenye minada ya vitu vya marehemu, akipekua masanduku ya wajane. Wiki inayofuata anashinda maktaba na kwenye simu, akitafuta mwenye medali alikuwa nani, alitoka wapi, alianguka wapi.

"Huyu bwana anawajua wafu wa watu kuliko anavyowajua ndugu zangu," Doreen alikuwa akilalamika.

"Ndugu zako ni mimi peke yangu," nilimjibu. "Na mimi sina la kuchunguzwa."

Medali aliyoipenda zaidi ni ile tunayoiita Moyo wa Zambarau, anayopewa askari aliyejeruhiwa vitani, au familia yake akiuawa. Wakusanyaji wakiishika, kwanza huigeuza. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliyeuawa alichongewa jina lake nyuma na serikali. Aliyepona mara nyingi alipewa iliyo tupu. Nimemwona Verlin akigeuza kumi kwa mpigo mezani, akinong'ona, "Alipona. Alipona. Huyu hakurudi."

Masika moja alipata adimu, ya toleo la mwanzo, yenye namba ndogo ukingoni. Nyuma ilikuwa tupu. Alifurahi kama bwana harusi. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilimtokaje mtu mwenye akili zake. Aliipeleka kwa Kuzma, yule anayechonga majina kwenye vikombe vya mashindano, akamwambia achonge jina lake, Verlin Hostetter, kwa herufi zilezile za waliouawa.

Alituonyesha tukila tambi na kabichi.

"Nilitaka tu kuona linavyokaa," alisema.

"Shemeji, hayo si maandishi ya maiti?"

"Ndiyo maandishi mazuri, Nadine. Ulitaka nichonge kwa msumari?"

Doreen aliweka uma chini. "Kalifute."

"Medali haipigwi tupa, mama. Ukiikwaruza umeiua. Wenzangu wakisikia nimeipiga tupa medali kama hii, hakuna atakayenipa mkono tena."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku chache baadaye Verlin aliegemeza mkono kwenye jiko akizungumza nasi. Sisi tulisikia harufu kabla yeye hajajua. Nyama ya kiganja ilikuwa imeiva, naye anautazama mkono kama wa mtu mwingine. Daktari alimchoma sindano vidoleni, hakuona kasoro. Verlin alisema ni ganzi tu, tena haiumi.

Mbwa wao akaacha kumpokea. Akiingia, yule mnyama hainui hata sikio. Tulipokwenda kula mgahawani sote watatu, mhudumu alileta sahani mbili, alipokumbushwa akamwomba radhi Doreen, kisha akaleta tena mbili. Doreen mwenyewe alianza kusahau kumpakulia. "Nilidhani yuko kazini," alisema, na mumewe amekaa mbele yake. Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa huruma pia. Alikuwa kama anazungumzia hali ya hewa.

Hata mimi. Niliingia kwao asubuhi moja, nikaweka mkoba wangu kwenye kiti, nikamiminiwa kahawa, nikaanza kumsimulia dada umbea wa kanisani. Tuliongea mpaka kahawa ikapoa.

Ndipo kiti kikanong'ona.

"Nadine. Mkoba wako uko mapajani mwangu."

Nilimwona. Alikuwa hapo tangu nilipoingia. Nilipaswa kupiga kelele, nikajikuta nauchukua mkoba tu na kusema samahani. Kuna kitu kilikuwa kinazima ndani yetu sote, na yeye peke yake alikuwa anaogopa.

"Nileteeni tupa," alisema. "Nataka kubaki. Nalifuta hili jina."

Nikaileta kutoka gereji. Akaikandamiza medali mezani, akashika tupa. Ikamponyoka. Akaishika tena. Ikamponyoka tena. Vidole havikujua vimeshika nini.

"Doreen," alisema. "Futa wewe. Upesi."

Dada aliichukua tupa. Akaiweka juu ya herufi ya kwanza.

Mlango ukagongwa.

Ilikuwa mchana, jua limewaka, watu wanakata majani uani mwao. Doreen akainuka na tupa mkononi, nami nikamfuata. Tumezoea: mlango ukigongwa, unafungua.

Walikuwa askari wawili. Makoti yao mazito, ya sufu, ya mkato nilioujua kwenye picha za babu. Yalikuwa yamelowa. Nje hapakuwa na mvua.

"Mama Hostetter?" mmoja alinong'ona. "Pole sana kwa msiba."

"Mume wangu yuko jikoni," Doreen alisema.

Wakatazama jikoni, kupita bega langu. Walitazama kiti, kwa adabu, kama unavyotazama kiti kitupu cha marehemu.

"Tumekwisha kumzika, mama."

Yule wa pili akanyosha mikono. Alikuwa na bendera iliyokunjwa pembetatu. Bendera ile haitolewi mlangoni. Mjane wa askari hupewa kaburini, jeneza likiwa tayari kushuka.

"Doreen, usipokee." Sijui kama nilisema au nilifikiri.

Nyuma yangu Verlin alisema, "Mke wangu." Mara moja tu.

Lakini huku kwetu bendera hiyo haikataliwi. Tumelelewa hivyo. Mwanamke akinyoshewa, mikono yake huinuka kabla ya akili. Tupa ilianguka. Mikono ya dada yangu ikainuka, ikapokea. Akasema asante.

Wakapiga saluti. Taratibu.

Niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Medali haikuwepo mezani. Niliingia chumba kwa chumba, nikaita. Kabati lilikuwa na nguo za kike tu. Niliporudi, Doreen alikuwa ameweka bendera juu ya rafu na kuosha kikombe chake.

"Unamtafuta nani?" aliniuliza.

"Verlin."

"Maskini," alisema. "Angekuwa mzee sasa."

Nilimwendea Kuzma. Akakumbuka vizuri: Verlin, yule kijana aliyefia vitani, zamani. Nilirudi nyumbani nikasubiri machozi. Hayakuja. Nilimpenda shemeji yangu, nalisema wazi, lakini nililisema hata siku ile bila kuhisi kitu.

Mwezi Mei, wazee wa chama cha wapiganaji wa zamani walipita kuweka bendera ndogo kwenye makaburi ya askari, kama kawaida yao. Nilikuwa kwa Doreen naosha vyombo. Mzee mmoja akaingia uani bila hodi, akaja hadi chini ya dirisha la jikoni, akachomeka bendera kwenye majani, akavua kofia.

Nikatoka. "Mzee, hapa pana kaburi gani?"

Alinitazama kwa upole, kama aliyekutana na mgonjwa. "La shemeji yako, binti. Tunaweka hapa kila mwaka. Baba yangu aliweka kabla yangu."

Akaenda zake. Nikainama, nikashika kile kijiti ili niking'oe. Nikavuta.

Chini, kikavutwa.

Hakikuvutwa kwa nguvu. Kilivutwa taratibu, jinsi mtu asiye na uhakika na vidole vyake anavyoshika kitu. Nikavuta tena, naye akavuta. Kisha nikakiachia, nikarudi ndani, nikamalizia vyombo.

Bendera ile ipo mpaka sasa. Hakuna aliyeigusa, na kila nikipita dirishani naikuta imeshuka kidogo.