Jagi la Kukaribisha

Wewe ukiambiwa ujifungulie majini, utauliza hayo maji yametoka wapi? Huulizi. Utauliza yana joto kiasi gani na kama simu inaruhusiwa. Sisi pia hatukuuliza, na ukoo wetu una shahada tatu.

Aliyejifungua ni wifi yangu, mke wa kaka. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu tuliibeba wote kama yai. Alipotangaza kwamba atajifungulia kwa Bibi Utulivu, mkunga aliyeacha kazi hospitali akafungua nyumba yake ya uzazi, nilichukua karatasi nikachora mstari katikati. Kushoto faida: maji ya uvuguvugu hupunguza uchungu, mwili huwa mwepesi, mama hujigeuza atakavyo. Kulia hatari: maambukizi, kitovu kukatika mtoto akinyanyuliwa kwa pupa, mtoto kuvuta maji mapafuni, mama kuchelewa kutolewa mambo yakiharibika. Kaka akasoma upande wa kushoto tu. Mwanamume asiyezaa yeye huwa jasiri ajabu.

Bibi Utulivu hakusoma hata huo. Alinirudishia karatasi kwa ncha za vidole, akaniambia, kwa ile sauti ya kubembeleza wagonjwa, kwamba wasomi tunaogopa maji kwa sababu tumesahau tulikotoka. Maji, alisema, yanakumbuka. Nikamjibu kwamba kama ni hivyo, chai ingekuwa na mengi ya kutueleza. Wifi akanifinya.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Chumba kilikuwa kisafi, sitasema uongo: beseni gumu lenye upana wa kitanda, kipimajoto kinaelea, taulo zimepangwa kwa rangi. Kabla wifi hajaingia, Bibi Utulivu alishusha jagi la udongo kutoka rafuni, akalifunua, akamimina maji yake ndani ya beseni polepole. Nikauliza ni nini.

"Ya kukaribisha," akasema.

Nikadhani ni majani fulani ya kuwapumbaza wateja, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu. Nilimdharau mno hata nisimuulize mara ya pili.

Saa sita uchungu ulishika kasi. Kaka alikuwa nje koridoni, akipiga picha za mlango. Kila baada ya muda Bibi Utulivu alizamisha kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakigandamiza tumboni kwa wifi. Tu-tu-tu-tu, kama cherehani. Mapigo mia na arobaini. Safi.

Kisha, nyuma ya cherehani, nikasikia mengine. Mazito. Ya polepole.

Bibi Utulivu akasema ni moyo wa mama. Lakini mimi nilikuwa nimemshika wifi kifundo cha mkono, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Yale yalikuwa yakitambaa. Nikampokonya kifaa, nikakitoa tumboni. Cherehani ikanyamaza. Yale mengine hayakunyamaza. Nikakisogeza mbali na wifi, taratibu, hadi upande wa pili wa beseni, pasipo na mtu.

Yalikuwa pale.

Mkono wangu ukafa ganzi kwa baridi. Nikautoa. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba.

"Wifi," mke wa kaka akaninong'oneza, "mbona unanishika mguu?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa nje ya maji. Bibi Utulivu alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Toka," nikamwambia wifi. "Toka sasa hivi."

Nilimtia mikono kwapani nikamvuta. Kitu kikamvuta upande wa pili. Si kwa nguvu. Kidogo tu. Kama mtoto anavyovuta gauni la mama anayeondoka.

Mtoto alizaliwa sakafuni, juu ya taulo, nikampokea mimi mwalimu wa takwimu. Wa kike. Akalia mpaka kaka naye akaangua kilio mlangoni. Bibi Utulivu hakubanduka ukutani.

Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa wifi tulikuta alama nne, kila moja nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mtoto ana miezi minane sasa, ana meno mawili na dharau kama za shangazi yake. Alama bado zipo. Na kila jioni wifi akivua soksi, ya kushoto imelowa.

Wiki iliyopita niliitia soksi hiyo mfukoni, nikamfuata Bibi Utulivu mchana kweupe. Niliiweka mezani kwake. Ikaanza kuchuruzika. Nikamuuliza alimimina nini.

Akaniambia kwamba kila mama akishajifungua, alikuwa akichota jagi moja kutoka beseni lake, amwekee mama anayefuata, ili utulivu urithishwe. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huyu alikuwa na rafu ya kuyahifadhia. Nikauliza jagi letu lilitoka kwa nani.

"Kwa aliyewatangulia. Mtoto wake hakulia. Nikachota kama kawaida. Ningeyamwaga, ningekuwa nimekiri."

"Kukiri nini?"

Maji ya soksi yalikuwa yamefika ukingo wa meza. Aliyatazama yakidondoka, ile sauti ya kubembeleza imemkauka.

"Mtoto alikuwa ameshatoka," akasema. "Nilimwacha chini ya maji, nimalize kupiga video."