Mkeka wa Kaka

Jumapili asubuhi soko la Mtaa wa Galiff, kaskazini mwa Kolkata, halina adabu hata kidogo. Muuza samaki wa mapambo anakupigia kelele sikio la kulia, kasuku wa mtu anakutukana sikio la kushoto, na ukisimama kuwaza kidogo tu, mwenye mkokoteni wa mbolea anakukanyaga kidole halafu anakulaumu wewe. Katikati ya ghasia hizo Mohua Bhaduri alikuwa anatembea kama mtu anayepita kwenye nyumba iliyohamwa.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Siku hiyo ya Februari alivaa kurta, kanzu fupi ya kijivu iliyopauka, na mkononi saa ya kiume iliyomlegea mpaka ikamgeukia upande wa kiganja. Alitumwa na kazi: mimea midogo sitini ya majani manene, ile isiyo na makuu, ya kujaza vyungu vya kliniki moja ya meno kule Salt Lake. Kazi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, Tutun, aliyekuwa akipamba maofisi na mikahawa ya mji kwa vyungu vya kijani. Tutun alikufa kwa homa ya dengi, sasa ulikuwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Wateja waliendelea kupiga simu, na Mohua akaendelea kupokea, kwa sababu kukataa kulitaka nguvu na yeye hakuwa nazo.

"Dada! Usiniambie unachotafuta. Unatafuta kitu kisichokufa."

Mohua alisimama. Aliyesema alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, kijana wa milimani mwenye fulana ya sufu isiyo na mikono na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Jina lake Jiwan Mukhia. Mbele yake, juu ya magazeti, mimea ililala bila udongo, mingine imejipanga majani kama waridi, mingine ina mistari myeupe, yote imetandazwa chini kama vitunguu vya gulioni.

"Mizizi yake iko wapi, kaka?"

"Nimeiacha nyumbani Kalimpong. Ilikataa kupanda treni."

Mohua hakucheka. Jiwan akajikohoza. "Tunaikata, dada. Tunasafirisha mikavu, udongo ni mzigo bure. Ukifika, panda, halafu usiipe maji siku saba. Saba, dada, kidonda kikauke kwanza."

"Sawa."

"Umesikia au umeitikia tu?"

"Sawa," alisema Mohua, akafungua mfuko.

Hiyo "sawa" ndiyo ilikuwa chakula chake, ndiyo nguo yake. Utakula, Mohua? Sawa. Mvua inanyesha, Mohua. Sawa. Nawaambia, ungemwambia nyumba inaungua angekujibu hivyo hivyo na kuendelea kukunja nguo.

Baada ya wiki mbili alirudi na boksi la mimea ile ile, limelowa chini, linanuka.

"Umeniuzia maiti."

Jiwan alichukua mmoja, akaubonyeza, ukapasuka kama nyanya iliyooza. "Hii haikufa, dada. Imeuawa. Maji uliipa lini?"

"Siku ile ile. Tutun alikuwa anamwagilia siku ile ile."

"Tutun alikuwa anapanda nini?"

"Mimea ya ndani. Yale majani laini ya kivulini."

"Hayo yanakunywa kama ng'ombe. Hii je, uliipa kiasi gani?"

"Ndoo."

"Ndoo!" Jiwan aliwageukia wauza miche wenzake. "Jamani, ndoo nzima! Karibu tena sokoni, Bi Ndoo."

Soko likacheka. Mohua alisimama tu, anangoja wamalize. Kitu fulani katika kusimama kule kilimkata Jiwan kicheko. Alisukuma boksi la maiti nyuma ya kreti yake, akachagua mimea mingine sitini iliyo mizuri zaidi, na mchana akaenda naye mwenyewe Salt Lake, wakapanda pamoja kwenye kibaraza cha kliniki, mikono imejaa mchanga, huku wagonjwa wakiwaangalia wakiwa wameshika mashavu.

Siku ya saba simu ililia.

"Bi Ndoo, leo ruhusa. Kijiko kimoja kila mmoja. Rudia nisikie."

"Kijiko kimoja."

"Cha chai au cha kupakulia?"

"Cha chai."

"Mungu mkubwa, mtoto anajifunza."

Basi ikawa kila Jumatano Jiwan anapiga kutoka Kalimpong, upepo unavuma ndani ya simu, na kila Jumapili wanakunywa chai kwenye vikombe vya udongo ukingoni mwa mfereji. Mvua za Julai zilipotishia vyungu vya darini kwa kina Mohua, ni Jiwan aliyekwea na karatasi za nailoni kuvifunika. Majirani walimwona. Majirani wa mtaa ule hawana kazi nyingine.

Na jambo moja lilibadilika, ambalo asiye na ganzi angelisikia siku ya kwanza. Kolkata nzima, kila mwanamke ni dada na kila mwanamume ni kaka, kuanzia muuza ndizi mpaka meneja wa benki. Jiwan aliacha kumwita Mohua dada.

"Mbona siku hizi huniiti dada?" aliuliza Mohua Agosti, bila hamu kubwa ya jibu. "Soko zima linaniita dada."

"Soko zima lina sababu yake. Mimi nina yangu."

"Sawa."

Jiwan alitazama ndani ya kikombe chake mpaka chai ikapoa. Mimi ningekuwepo hapo ningemfinya yule binti. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa anaringa. Alikuwa hahisi. Alijua tu kwamba Jumatano na Jumapili zilikuwa na sura, na siku nyingine tano hazikuwa nayo.

Mwishoni mwa Oktoba mama yake alimkalisha jikoni. Mama Supriti alikuwa mjane, mwalimu wa hesabu mstaafu, na hata huzuni yake aliipanga kwa mistari iliyonyooka.

"Watu wananiuliza yule kijana wa milimani ni nani kwetu," alisema. "Nimechoka kukosa jibu. Na siku ya kaka inakuja. Mwaka jana nilifunga madirisha nisisikie makombe ya baharini yanavyopulizwa kama baragumu kwa majirani. Mwaka huu sifungi. Mwite Jiwan. Mtandikie mkeka, mpake sandali ya kunukia kwenye paji la uso, awe kaka yako. Nyumba itapata kijana, na midomo itafungwa."

Watu wa pale hawahitaji kuelezwa hilo. Mwanamume akishapakwa sandali na mwanamke siku ile, ni kaka yake mpaka kaburini. Atamtetea, atamletea zawadi kila mwaka, atamwozesha. Kumwoa, hapana. Hata kwa utani hakusemwi.

"Sawa, mama," alisema Mohua.

Alipiga simu jioni ile, kabla taa za mtaa hazijawaka.

"Bi Ndoo! Leo si Jumatano. Umeua nini tena?"

"Mama anakualika chakula. Siku ya kaka. Amenunua mkeka mpya."

Kule Kalimpong Jiwan aliweka kando mche aliokuwa ameushika.

"Siku ile huwa niko kwa dada yangu," alisema Jiwan taratibu. "Na sisi tunayo. Ananivika shada la yale maua ya zambarau yasiyonyauka, halafu ananidai zawadi mpaka jua linazama."

"Basi usije."

"Sijasema siji. Nakuuliza wewe. Wewe, siyo mama. Unataka nikae kwenye huo mkeka?"

"Sawa."

"Hilo si swali la sawa, Mohua."

"Mama ameshanunua kila kitu."

Sauti ya Jiwan ilinyooka, ikawa ya mtu wa dukani. "Nimekuelewa. Nitakuja, dada."

Neno lile la mwisho lilimgusa mahali, kwa mbali, kama daktari anavyogusa jino lililopigwa ganzi. Unajua umeguswa, hujui kama inauma. Mohua alishika simu iliyokwisha kukatwa, akajiambia kwamba mwanamume anayekubali kuwa kaka upesi namna ile hakuwa na lingine moyoni. Na kule Kalimpong Jiwan alikuwa amekaa kati ya miche yake, anajiambia kwamba mwanamke amemfungia mlango kwa heshima, na mtu mzima hagongi mara mbili.

Siku yenyewe ilikuwa na jua jepesi la Novemba. Mama Supriti alimvalisha binti yake sari ya pamba ya manjano yenye pindo jekundu, akamfunga nywele kama anayeandaa mtoto wa shule. Mohua hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri, kwa maana dada hufunga mpaka amalize kupaka. Njaa haikumsumbua. Ilikuwa miaka miwili haimsumbui.

Jiwan aliingia amevaa kofia ya kwao ya nakshi, koti limepigwa pasi, kidevu kina mkwaruzo wa wembe. Alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti.

"Zawadi ya kaka hutolewa mwisho," alisema, "lakini huyu hawezi kungoja, ana kiu." Akafungua. Kilikuwa kikopo cha udongo, na ndani yake kimea kidogo, majani manane yamejikusanya kama waridi, si kikubwa kuliko kifungo cha koti. "Unamkumbuka? Boksi la maiti. Sikulitupa. Lilikuwa na jani moja zima chini kabisa, nikalilaza juu ya mchanga mkavu, nikaliacha."

"Jani tu?"

"Jani tu. Miezi mitatu halikufanya kitu, nikajua limekwisha. Kumbe."

Mohua alishika kikopo kwa mikono miwili, hakukiweka chini mpaka mama alipomwita.

Mkeka ulitandikwa palepale alipokuwa akikaa Tutun, mgongo kwenye kabati lake la nguo. Jiwan akakaa, amekunja miguu, kofia imenyooka. Mbele yake palikuwa na sahani ya shaba yenye taa, majani ya ukoka, mpunga, na kibakuli cha sandali iliyosagwa. Pembeni luchi, vimkate vya kukaanga vilivyofura, wali wa maziwa, peremende tano nyeupe. Mama alikuwa amesimama na kombe lake tayari mdomoni.

Mohua alipiga magoti, akachovya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Yapo maneno ya kusema mara tatu wakati kidole kinagusa paji la uso, ya kumzibia mauti mlango kwa miba ili asimfikie kaka. Mara ya mwisho Mohua aliyasema hapahapa, kwa Tutun, ambaye kila mwaka alicheka kwa kutekenywa. Aliyasema mara zote tatu bila kukosea. Siku ya kumi na moja baada yake Tutun alikufa.

"Mohua," mama alisema. "Maneno."

Sandali ilikuwa baridi.

Aliihisi. Baridi ilianza kwenye ncha ya kidole, na nyuma yake vikaja vingine vyote bila foleni: njaa, harufu ya samli, mkwaruzo wa wembe kwenye kidevu kile, macho ya Jiwan ambayo leo hayakucheka, na kicheko cha Tutun. Akaurudisha mkono.

"Hapana," alisema.

Mama alishusha kombe. "Hapana nini?"

"Simpaki."

"Mohua, mtu ameshakaa chini!"

"Namwona amekaa, mama. Jiwan, kwa nini ulikubali?"

"Uliniita."

"Hilo si jibu."

"Basi sikiliza." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Nilisema, kama nafasi iliyobaki kwenye nyumba hii ni hii tu, nitaichukua hiyo hiyo. Kaka anakuja kila mwaka. Hafukuzwi."

"Ungeweza? Kuwa kaka yangu?"

"Nisingeweza. Lakini ningekuja."

"Mimi sitaki uje kila mwaka!" Mohua alisema, na sauti ikapanda mpaka ikamshangaza mwenyewe. "Nataka uje kila siku. Mama, nisamehe. Hapa hapa nilimpaka mtu na nikampoteza. Siwezi kumpoteza mwingine kwa kidole hiki hiki."

Kisha akalia. Alilia kwa mdomo wazi, kamasi na yote, sari mpya ikilowa, akimlilia mdogo wake ambaye siku ya mazishi hakumtolea hata chozi moja. Iliuma, na hakujaribu kuizuia.

Jiwan hakumgusa, kwa sababu mama alikuwa pale. Aliinamisha kichwa tu mpaka karibu na wake.

"Lia, Bi Ndoo," alisema. "Ndoo hii nairuhusu."

Mama Supriti alikuwa bado ameshika kombe. Alitazama sahani, akatazama kidole cha binti yake ambacho sandali ilikuwa inakaukia, akatazama uso wa yule kijana wa milimani.

"Miaka thelathini nimefundisha hesabu," alisema mwishowe, "na hii ya kujumlisha mbili imenishinda." Akavuta pumzi, akafuta macho kwa pindo la sari. "Wewe. Inuka hapo. Mkwe hakalii mkeka wa kaka."

Jiwan aliinuka kwa kasi mpaka kofia ikamdondokea kwenye wali wa maziwa. Hakuna aliyeiokota. Mama aliinama, akauvuta mkeka, akaukung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaukunja polepole na kuuweka ndani ya kabati la Tutun. Kisha akawaambia wote wawili waje mezani, luchi zinapoa.