Madoa ya Kijani ya Ruxanda

Foleni ya duka la dawa karibu na soko kuu la Chișinău ilifika mlangoni. Ruxanda alisimama katikati yake na gauni jekundu, kidevu kimejaa madoa ya dawa ya kijani, kichwa juu. Kosa liko wapi? Chunusi zake, uso wake.

"Dada, hiyo ya kijani ni ya vidonda," alisema Grigore, muuza dawa, macho yakimcheka. "Jaribu hii ya salfa. Itikise, paka juu ya chunusi tu."

"Isiponisaidia?"

"Utarudi kunigombeza."

Alirudi, na wala hakugombeza. Salfa ilimbabua akairudia ya kijani, lakini Grigore alikuwa kishamkaa moyoni. Wakawa wanapigiana simu mpaka masikio yanapata moto.

Kisha ikaja simu mbaya.

"Malaika wangu, Jumapili tunabatiza mtoto wa dada yangu. Labda usije kwanza. Mpaka uso upone. Si unamjua mama?"

"Mama yako simjui. Wewe ndiye niliyekujua leo." Akakata.

Alilia, tena sana. Jumapili akavaa gauni lile lile, akapaka kila chunusi doa lake, akaenda kwenye sherehe ya ubatizo.

Katika nchi ile hakuna asiyewahi kupakwa kijani kile utotoni alipougua tetekuwanga. Mama Grigore alipomwona tu mlangoni, akamnyakua mtoto mchanga. "Tetekuwanga! Mtoeni nje!" Wageni wakarudi nyuma na glasi zao za divai.

Ruxanda hakujitetea. Alimtazama Grigore tu. Akinyamaza huyu, yamekwisha.

Grigore akavuka ukumbi, uso umemwiva. "Si tetekuwanga, mama. Ni chunusi. Mimi ndiye niliyemkataza asije, nikaona haya kama mjinga. Huyu ndiye ninayetaka kumuoa."

"Na machunusi yote hayo?"

"Yote."

"Nani kakuambia nimekubali?" Ruxanda aliuliza. "Omba msamaha kwanza. Kwa nguvu, yule bibi wa nyuma hasikii."

Akaomba, mara mbili, mbele ya ukoo mzima.

Ruxanda akamgeukia mama mtu, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto nimbebe."

Mama alimkagua uso doa kwa doa, kisha akamkabidhi mtoto.

"Haya, Grigore," Ruxanda akasema, akimpakata mtoto. "Sasa nimekubali."