Bahasha Iliyofungwa kwa Ugali

Miaka ile ya sukari, huku Kabras trekta ziliamka kabla ya jogoo. Zilishuka mashambani na trela tupu zenye makelele, zikapanda kwenda kiwandani zimejaa miwa. Vumbi liliingia kwenye chai, kwenye nywele na kwenye vitabu vya nyimbo kanisani. Watu hawakulalamika sana. Vumbi lile lilikuwa na pesa ndani yake.

Hezekiah alikuwa na trekta moja. Aliinunua kwa pesa za miwa na mkopo wa benki, naye aliipenda kupita kiasi. Mkewe Zilpah alikuwa akimtania.

"Baba Awinja, trekta unaifunika na turubai. Mimi nikinyeshewa hata huulizi."

Hezekiah alicheka tu. Karo ya watoto, mabati ya nyumba na dawa za mama yake mzee, vyote vilitoka kwenye trekta hiyo.

Alikuwa pia mzee wa Kanisa la Marafiki. Watu wa kanisa lao hawaapi. Hawashiki kitabu wakaapa kwa jina la Mungu. Mtu wao akisema ndiyo, amekwisha sema. Kwa sababu hiyo Hezekiah aliiogopa korti kama ugonjwa. Alijua kwamba ukiingia kortini ni lazima uape. Aliwahi kumwachia jirani kipande kizima cha shamba, kando ya mto, ili asiende kuapa.

Ijumaa moja jioni, trekta yake ilikuwa ikipanda kilima na mzigo mzito. Dereva alikuwa akiendesha polepole. Nyuma alikuja Erastus kwa baiskeli. Erastus alikuwa seremala wa sokoni. Benchi zote za kanisa lao alizitengeneza yeye. Siku hiyo alikuwa amechoka, akafanya wanavyofanya wengi: alishika trela kwa mkono mmoja ili avutwe mpaka juu. Mnyororo uliofunga miwa ukakatika. Miwa ikamwangukia.

Watu walikimbia wakaiondoa. Mguu wa kulia ulikuwa umepondeka. Walimpeleka hospitali ya Mukumu, na kule madaktari wakaukata chini ya goti.

Jumatatu alikuja Chrispinus, wakala wa kampuni ya bima. Trekta ya Hezekiah ilikuwa na bima, kama sheria inavyotaka kwa kila gari la barabarani. Chrispinus alikuwa kijana mwenye tai na maneno mengi.

"Mzee, usiende kumwona yule mtu," alisema. "Ukienda, umekubali kosa. Karatasi yoyote ikikuja, tuletee kule Kisumu. Mambo ya korti ni yetu. Wewe tulia."

Hezekiah alisikia furaha. Kumbe kuna watu watakaokwenda kortini badala yake. Hakutaka kujua zaidi.

Zilpah alikuwa jikoni. Alikuwa amekwisha mfunga miguu ingokho mmoja mnene, kuku wa kumpelekea mgonjwa.

"Mfungue," Hezekiah alimwambia.

"Nimfungue? Erastus amekatwa mguu, na sisi tunakaa?"

"Bima wamekataza."

Zilpah alimfungua yule kuku. Lakini moyoni hakukubali, na Hezekiah alijua hivyo.

Miezi ikapita. Kanisani, mke wa Erastus, Ayuma, alihamia benchi la mbali. Kisha siku moja mtu wa korti akaleta samansi. Erastus alikuwa amemshtaki Hezekiah, akidai fidia ya mguu wake. Samansi ilisema Hezekiah ajibu kabla ya siku fulani.

Hezekiah aliitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, haishiki. Zilpah alichukua kidonge cha ugali wa mchana, akakipaka, akakandamiza kwa kidole gumba. Kesho yake Hezekiah alisafiri hadi Kisumu. Msichana wa mapokezi alipiga muhuri juu ya bahasha, akaiweka kwenye kikapu.

"Basi?" Hezekiah aliuliza.

"Basi, mzee. Tutashughulikia."

Hakubaki na kopi. Hakuuliza ni wakili gani atakayemtetea. Alirudi nyumbani akalala usingizi mzuri, akaendelea kulala hivyo mpaka msimu mwingine wa miwa.

Asubuhi moja, dalali aliingia uani na watu wawili wenye nguvu. Alikuwa na karatasi ya korti.

"Tumekuja kuandika mali," alisema.

"Mali ya nani?"

"Yako. Kuna hukumu."

"Hukumu gani? Kesi haijaanza."

"Kesi iliisha zamani, mzee. Hukujibu samansi. Wakili wako pia hakuonekana. Korti ikasikia upande mmoja, ikaamua." Dalali aliizunguka trekta, akaipiga ubavuni kwa kiganja. "Usipolipa, wiki ijayo tunaichukua."

Waliandika trekta, waliandika trela, waliandika na ng'ombe wawili. Walipoondoka, Hezekiah aliketi chini akaegemea gurudumu. Aliona aibu mbele ya mkewe. Aliogopa pia, kwa hofu ambayo hakuijua tangu utoto. Mama yake mzee aliuliza kutoka ndani ni akina nani waliokuja.

Zilpah ndiye aliyekwenda Kakamega mjini kumwita Priscah. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake Hezekiah, na alifanya kazi ya karani katika ofisi ya wakili. Alifika mchana, akaketi, akakataa chai.

"Khotsa," alisema, maana ndivyo anavyomwita mjomba wake, "samansi ulipeleka wapi?"

"Kisumu, kwa bima."

"Kopi iko wapi?"

"Sikubaki nayo."

"Wakili wao anaitwa nani?"

"Sijui."

"Na uliendanga kortini kuangalia kama amejibu?"

"Si waliniambia nitulie?"

Alimheshimu mjomba wake, lakini alikasirika. "Jina gani liliandikwa kwenye hiyo samansi?"

"Langu."

"Basi aliyeitwa ni wewe. Kazi ya bima ni kukuwekea wakili na kulipa. Lakini wakilala, dalali haendi Kisumu. Anakuja hapa, kwa jina lako. Samansi unaipeleka kwa bima, sawa. Halafu unawafuata. Siku za kujibu zikikaribia kuisha na hawajafanya kitu, unaenda kortini wewe mwenyewe, au na wakili wako, unajibu."

"Sasa tumechelewa?" Zilpah aliuliza.

"Tumechelewa, mama. Lakini si sana. Mkikaa tena ndiyo trekta itaenda."

Kesho yake walikwenda Kisumu, Hezekiah na Priscah. Chrispinus aliwakuta kwenye mapokezi akatabasamu.

"Mzee, faili yako iko kwa wakili."

"Wakili yupi?" Priscah aliuliza. "Tupe jina, tumtafute."

Chrispinus aliingia ndani, akakaa sana. Alitoka na meneja, na meneja alikuwa na faili jembamba. Ndani yake kulikuwa na bahasha moja. Hezekiah aliitambua kabla hawajaisogeza karibu. Ugali ulikuwa umekauka kwenye ukingo, umegeuka manjano. Alama ya kidole gumba cha Zilpah ilionekana wazi. Hakuna mtu aliyewahi kuifungua.

Priscah ndiye aliyesema.

"Muhuri wenu uko juu, na tarehe. Mlipewa habari ya kesi mapema. Tunaomba kopi ya hii bahasha, mbele na nyuma, kabla hamjaifungua."

Meneja hakubishana. Kopi ilitolewa.

Siku hiyo hiyo walifika Kakamega kwa wakili, Bwana Wanyama. Zilpah alikuwa akiwangoja pale. Wakili aliiangalia kopi ile, akatikisa kichwa.

"Tutaomba korti mambo mawili," alisema. "Kwanza, dalali asimame. Pili, hukumu iondolewe na kesi isikilizwe upya. Mtu aliyeidharau samansi korti haimwonei huruma. Lakini wewe hukudharau, na bahasha hii inaonyesha. Tena una la kujibu: Erastus alikuwa ameshika trela. Korti haikusikia hilo. Nitaiandikia pia bima, na ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima, kwa sababu hawa walipewa habari ya kesi na wanapaswa kulipa. Sasa nitaandaa hati ya kiapo, uape kwamba maneno haya ni kweli."

Hezekiah alisimama, akachukua kofia yake.

"Mimi siapi."

"Baba Awinja," Zilpah alisema, "trekta inaondoka."

"Iende."

Alikuwa anaona watoto wakirudishwa kutoka shule, na bado aliushika mlango. Zilpah alianza kulia kimya kimya.

"Mzee, keti," wakili alisema. "Nani alikuambia ni lazima uape?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu amekosea. Mtu ambaye dini yake inamkataza kuapa, sheria inamruhusu athibitishe. Hatutaandika 'naapa'. Tutaandika 'nathibitisha kwa dhati kwamba ninasema kweli'. Hushiki kitabu. Lakini uzito ni ule ule. Ukidanganya, unafungwa kama aliyeapa."

"Sheria hiyo imekuja lini?"

"Ilikuwako kabla mimi sijawa wakili."

Hezekiah aliketi. Alikumbuka kipande cha shamba kando ya mto. Alikumbuka furaha yake siku Chrispinus alipomwambia atulie. Maisha yake yote alikuwa amekimbia kitu ambacho hakikuwako, na hakuwahi kumwuliza mtu hata mara moja. Aliumia kuliko siku ya dalali. Kisha akaomba kalamu.

Hakimu alimsimamisha dalali. Baadaye aliiondoa hukumu, ila alimwamuru Hezekiah amlipe Erastus gharama za usumbufu. Hezekiah aliuza ng'ombe mmoja. Safari hii bima walileta wakili, na Priscah alihakikisha kwa macho yake mwenyewe kwamba jina la wakili huyo limeandikwa kwenye faili la korti.

Siku ya kusikilizwa, Hezekiah alisimama kizimbani akathibitisha. Alieleza alivyoambiwa na dereva, kwamba Erastus alikuwa ameshika trela. Dereva alisema vivyo hivyo, na Erastus hakukana. Kisha wakili wa Erastus akamwuliza Hezekiah swali moja.

"Mnyororo wenyewe ulikuwa katika hali gani?"

Wakili wa bima alimkazia macho. Hezekiah alitazama sakafu, kisha akamtazama Erastus na gongo lake.

"Ulikuwa umelika," alisema. "Niliona. Nilisema nitaubadilisha msimu ukiisha."

Hakimu aligawa kosa. Sehemu kubwa ilikuwa ya trekta, sehemu ndogo ya Erastus. Bima ilipaswa kulipa fungu la Hezekiah. Ilichelewa tena, wakili akaandika barua nyingine kali, hatimaye ikalipa. Trekta ilibaki uani.

Jumamosi iliyofuata, Hezekiah na Zilpah walikwenda kwa Erastus na ingokho. Walimkuta akipiga randa ameketi, kwa sababu hakuweza tena kusimama kutwa. Hakuacha kazi.

"Pole, ndugu yangu," Hezekiah alisema.

"Pole ya kesi?"

"Ya kutokuja. Bima waliniambia nikija nimekubali kosa. Priscah amenieleza walinidanganya. Nisitie sahihi karatasi, nisiahidi pesa, hayo ni ya korti na bima. Lakini kukusalimia hakuna sheria inayokataza."

Erastus aliipuliza randa, vumbi la mbao likaanguka.

"Nililala Mukumu nikiangalia mlango," alisema. "Nilisema, Hezekiah atakuja Jumapili, baada ya ibada. Jumapili nyingi zimepita. Siku nilienda kwa wakili sikuwa natafuta trekta yako. Nilikuwa natafuta mtu wa kukulazimisha uniangalie."

Hezekiah alimtazama usoni. Ayuma alitoka, akampokea kuku kutoka kwa Zilpah, akaleta viti viwili. Walikaa pale mpaka jua likapungua, wakiongea machache.

Tangu hapo Hezekiah hubadilisha mnyororo kila msimu unapoanza. Na samansi ikiingia Kabras, watu huileta kwake kwanza. Huwauliza kopi iko wapi, bima wamepiga muhuri lini, na wakili anaitwa nani. Kisha hufuatana nao hadi korti ya Kakamega kuhakikisha kwamba jibu limeingia kabla ya siku kuisha. Wale wa kanisa lake huwaambia kwamba hawatalazimishwa kuapa.

Swali lake la mwisho si la korti. Huuliza, "Mgonjwa umemwona?" Na mtu akijibu kwamba bima imemkataza, Hezekiah huchukua kofia yake, akampeleka hospitali mwenyewe.